Nilienda kutembelea nyumba ya utotoni nikaishia kuwa fundi wake

Lawama zote ziende kwa silikoni. Ile ya kuzibia maungio bafuni, kwenye kona za sinki na pembeni ya vigae. Nilikuwa nimeshaikwangua ya zamani yote maana mpya haishiki juu ya ya zamani, usije ukadanganywa na mtu, nikafuta, nikakausha, nikabandika tepu pande zote mbili ili mstari utoke umenyooka, nikaipiga vizuri mpaka nikajipongeza mwenyewe kwa sauti. Na kwa vile tube bado ilikuwa na kitu ndani nikaona nizungushe na kwenye mguu wa choo. Afu kwa vile mkono ulikuwa umeshachangamka nikapaka na mlango wa bafuni rangi ya mafuta, tabaka la mwisho.

Sasa silikoni inataka iachwe kama masaa 24. Juu inajishika haraka unadhani imeshakuwa tayari, kumbe inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, inaanzia nje inaingia ndani taratibu, ukiiwahi na maji umeiharibu. Kwa hiyo bafu limefungwa, choo kimefungwa, nyumba nzima inanuka siki na rangi, na watoto ni wale wa ukiwaambia msiguse wanagusa ili wahakikishe walichoambiwa wasiguse.

Mke wangu akasema kesho asubuhi tunatoka humu wote, mtu asibaki. Mama ambaye anakaa na sisi akadakia hapo hapo, twendeni tukauone mji wetu wa zamani. Mi nilikuwa nauwaza huo mji kwa miaka, nyumba tuliyokulia, njia ya shule, kile kilima tulichokuwa tunateremka na baiskeli isiyo na breki. Nikasema haya, kuna kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tunaondoka alfajiri.

Angalieni hesabu lakini. Choo kimefungwa toka jana. Tumeondoka alfajiri. Safari ndefu. Na mi ndo dereva, na nilikuwa nakunywa maji njiani nisisinzie.

Tulipofika nikaanza kuonyesha watoto vitu, kila ninachoonyesha hakipo. Uwanja hamna, umejengwa. Ule mti hamna. Kilima kipo ila jamani kile si kilima, ni barabara iliyoinama kidogo, mwanangu mkubwa akaniuliza kwa heshima kabisa, "Baba, ndo hapa ulipovunjika mkono?" Nikamwambia zamani palikuwa juu zaidi. Nadhani ukiwa mtoto macho yako yako chini karibu na ardhi ndo maana kila kitu kinaonekana mlima. Au labda waliichonga. Naamini waliichonga.

Mama yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Alitupeleka moja kwa moja mpaka mlangoni, akagonga, akaanza kumsimulia yule baba aliyefungua kwamba chumba hiki ndo alikuwa analala na marehemu mzee, kona ile palikuwa na cherehani, yule baba wa watu anaitikia tu, mpaka mama alipouliza mlango wa uani mmeuzibia nini, akajibiwa haujawahi kuwepo. Tulikuwa nyumba ya pili yake. Mama akasema basi wamezihamisha namba.

Nyumba yenyewe tukaipata. Mama mwenyeji mkarimu mno, kusikia tu tulikulia hapo akasema karibuni ndani hapa ni kwenu. Mi sikukaa hata kwenye kiti. "Samahani dada, naweza kutumia..." "Mwisho wa korido, kaka." Njia naijua bwana, nilikwenda kwa miguu ya kumbukumbu, karibu nakimbia.

Mlango ulikuwa ule ule! Wa mbao nzito, aliufunga marehemu baba mwenyewe, na kitasa alichokiweka mwenyewe. Nikaingia, nikausukuma ukajifunga klak, nikamaliza haja zangu nikiwa na furaha isiyoelezeka. Nikanawa. Nikashika mkono wa kitasa nikauvuta chini.

Ukazunguka bure. Kwa nje nikasikia kitu kimeanguka, ting, kikabingirika.

Kwa wasiojua, mikono ya kitasa ipo miwili, wa nje na wa ndani, na katikati kinapita kichuma cha mraba ndo kinachozungusha ule utumbo wa kitasa na kuurudisha ulimi. Kuna kiskrubu kidogo kinaubana mkono kwenye hicho kichuma. Kiskrubu kimelegea miaka na miaka, mimi nimevuta, mkono wa nje umeanguka na kichuma chake, na mimi nimebaki ndani nimeshika mkono usiofungua chochote.

Nikagonga kistaarabu. "Samahani huko nje."

Wakaja wote. Nilisikia miguu, korido imejaa. Mke wangu akaokota kile kichuma akakirudisha kwenye tundu, akazungusha, kinazunguka tu, tundu lenyewe limeshalika likawa duara. Mama akaanza kutoa maelekezo, "Nyanyua kwanza ndo uvute! Baba yako alikuwa ananyanyua!"

"Ninyanyue nini mama, mkono uko kwenu huko."

"Wewe nyanyua!"

Nikanyanyua mlango mzima kwa bega. Hamna. Mtoto wa mwenyeji akasema apitishe kadi kwenye upenyo kama kwenye video, haiwezekani, mlango unafungukia ndani kwa hiyo upande wa nje kuna ubao wa fremu unaiziba kadi isifike, na upande wangu ulimi wa kitasa ni bapa, ule mteremko wake umetazama nje. Nikawaelezea hayo yote kupitia mlangoni kama mwalimu wa ufundi. Mwanangu akaniuliza kuhusu dirisha, nikamwambia dirisha halipitishi hata kichwa, akasema, "Jaribu kichwa kwanza baba." Nilisikia kabisa kwa sauti yake kwamba simu iko juu anarekodi.

Hapo ndo kilichoniuma. Kwa vile hapakuwa na cha kufanya kwa wakati huo mama mwenyeji akaleta viti pale koridoni, na mama yangu akakaa akaanza kusimulia. Yaani safari yangu ya kumbukumbu ikafanyika upande wa pili wa mlango mimi sipo. "Humo humo alikuwa anajifungia akikataa kuoga, anamwaga maji chini tusikie, anatoka mkavu." Kicheko. "Akiogopa paka." Kicheko kikubwa. Nikapiga kelele paka yule alikuwa mkali, mke wangu akasema, "Hajawahi kuniambia habari ya paka," mama akasema eeeh hiyo ndefu subiri. Nimekaa juu ya choo nimejishika tama nasikiliza maisha yangu yanatolewa hadharani kwa watu niliokutana nao robo saa iliyopita.

Nilikuwa natafuta simu mfukoni nikagusa kitu. Testa! Ile bisibisi ndogo ya kupimia umeme, niliitumia jana kukwangua silikoni kwenye pembe, ilibaki kwenye suruali. Nikaangalia mlango. Unafungukia ndani, maana yake bawaba ziko upande wangu, na bawaba za zamani zile zina pini ya katikati inayotoka. Mtu mwenye testa na kiatu hawezi kufia chooni.

Shida ilikuwa rangi. Kila aliyepita kwenye ile nyumba alipaka mlango na bawaba zake humo humo, watu hawapendi kuziba bawaba kwa tepu, matokeo yake pini imeganda imekuwa kitu kimoja. Ikabidi nikwangue. Nyeupe ikatoka, chini yake kijani, chini ya kijani kijivu hivi ya ajabu, na chini kabisa ikatokea ile bluu. Bluu yetu. Nilimshikia baba kopo wakati anaipaka, nikaikanyaga, nikatembea nayo sebule nzima. Mji mzima nilikuwa nimetafuta kitu kimoja tu kilichobaki kama zamani nikakosa, nimekuja kukikuta nimefungiwa chooni. Nikasimama pale naikodolea macho, nje wanauliza, "Mbona kimya? Amezimia?"

Nikaweka ncha ya testa chini ya pini nikagonga na kisigino cha kiatu kuelekea juu. Ya chini ikatoka. Ya katikati ikatoka. Nikapiga kelele kaeni mbali, nikatoa na ya juu.

Lile lango ni mbao ya zamani si hizi nyepesi za siku hizi. Likanijia. Nikalidaka, likanirudisha nyuma nyuma mpaka kwenye sinki, kona yake ikatua juu ya koki, koki ikang'oka ikaruka, na maji yakapanda mpaka kwenye dari.

Kwa hiyo sasa nimebanwa baina ya mlango na sinki, nimeukumbatia mlango, maji yananipiga mgongoni, na mbele yangu korido nzima imekaa kwenye viti inanitazama kama sinema. Mwanangu anarekodi kwa ulalo apate picha pana.

"FUNGENI MAJI!"

Mama mwenyeji akasema maji yanafungiwa wapi kwani? Mumewe naye akamtazama yeye. Wamekaa hapo miaka, hawajawahi kufunga. Mama yangu akainuka taratibu, akasema kona ya nyuma, kuna jiwe bapa, chini yake. Mke wangu akanitazama, mi nikamtazama, tumewaza nyumba ya jirani na ile cherehani. Ila kijana akakimbia, na jiwe lipo, na koki kuu iko chini yake, na maji yakakata. Mama akakaa tena kwenye kiti chake. Hakusema kitu ila tangu siku ile ukibishana naye jambo lolote anakwambia, "Koki ilikuwa wapi?"

Mi nilifikiri tutaomba radhi, tutacheka, tutaondoka. Lakini unaondokaje umeacha choo cha watu hakina mlango wala maji? Baba mwenye nyumba akaniletea kisanduku cha vifaa, kizuri tu, vingine viko ndani ya plastiki havijawahi kufunguliwa. Nikarudisha koki kwa tepu nyeupe ya nyuzi, nikabadilisha na washa, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, maana ile ya zamani ilikuwa ngumu imepasuka. Nikaning'iniza mlango. Kile kichuma cha mraba nikakizungushia kipande cha bati kujaza tundu, nikakaza kiskrubu, mkono ukashika. Nikafunga na kufungua mara nyingi mlango ukiwa wazi. Kuujaribu nikiwa ndani nilikataa, nikamwambia mwanangu aingie yeye, akasema yeye ndo mpiga picha.

Mama mwenyeji akafurahi mno. Na hapo ndo nilitakiwa nishtuke, kwa sababu alisema, "Asante sana fundi." Kuingia niliingia kaka.

"Fundi, hii ya jikoni nayo inadondoka usiku kucha." Nayo washa, nikabadilisha, dakika chache. "Fundi, kabati hili mlango wake umeinama." Skrubu zimechimba matundu, nikajaza vijiti vya mbao na gundi, nikazirudisha. "Fundi, na tanki la choo maji hayakati." Boya limekaa juu, nikalishusha. Jirani, yule yule baba wa nyumba ya pili, akaja kuona kelele ni za nini, akabaki amesimama pembeni, akauliza kwa upole kama baadaye nina nafasi.

Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Lile kabati letu la jikoni ulisema bisibisi yake haipatikani."

"Ile ni aina nyingine ya skrubu."

"Aha."

Njia ya shule sikuiona. Watoto waliiona, walipelekwa na mama, amewaonyesha na alipokuwa akikaa yule paka. Tuliondoka giza linaingia, mi nimevaa shati la kuazima la baba mwenye nyumba, mikono mifupi inanifika kwenye kiwiko.

Nyumbani tulifika usiku wote tunakimbilia sehemu moja, silikoni si imeshakuwa tayari sasa. Mlango wa bafu haufunguki. Kabla ya kuondoka mtu aliufunga vizuri kabisa ili watoto wasiingie, sitaji mtu ila alikuwa ameegemea ukuta muda si mrefu, na rangi ya mafuta ikiwa mbichi ukiifunga inaushika mlango na fremu vinakaukia pamoja. Na huu pia bawaba zake ziko ndani. Mi niko nje. Ikabidi nipitishe wembe kwenye upenyo pande zote polepole, familia imepanga foleni nyuma yangu, mama anasema nyanyua kwanza, ukafunguka kwa kuondoka na ganda la rangi refu kutoka juu mpaka chini. Silikoni lakini ilikuwa safi, hilo nalisema na nitaendelea kulisema.

Juzi nikasikia mama anaongea na simu sebuleni, anacheka, wamekuwa marafiki na yule mama mwenyeji wanapigiana kila jioni. Nikapita taratibu. "Eeh, yupo," mama anasema, "hana kazi yoyote Jumamosi... Bati la juu pia? Atapanda tu huyo... Hapana, hapana, jirani naye mwambie asinunue kitu, fundi atakuja na silikoni yake."