Ubingwa wa Asia wa Luji: Pengo la Sekunde 4.912 Lisomwe Vipi?

Mnamo Desemba 2016, katika njia ya barafu ya Spiral iliyoko Nagano, Japani, Shiva Keshavan wa India alitwaa ubingwa wa Asia wa luji kwa dakika 1 na sekunde 39.962, ikiwa ni jumla ya miteremko miwili. Tanaka Shohei wa Japani alikuwa wa pili kwa dakika 1 na sekunde 44.874, naye Lien Te-An wa Taiwan akawa wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.120. Bingwa alimwacha aliyemfuatia kwa sekunde 4.912. Katika mchezo ambao mtu hulala chali juu ya sleji, yaani kitelezi kidogo cha kuteremkia barafuni, miguu ikitangulia, na muda wake hupimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde, pengo la namna hiyo halionekani mara kwa mara, na ndilo lililowapa nguvu wale wanaouliza kama ubingwa wa bara hilo una thamani yoyote au ni jina tu.

Wanaouliza hivyo hawasemi bila sababu. Washiriki wa mashindano ya Asia huwa wachache, na bingwa wake, anapokutana na Wajerumani na Waaustria, hupotea katikati ya orodha au mkiani kabisa: Keshavan huyohuyo alishika nafasi ya 37 katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 na ya 34 katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Aidha, mashindano ya Asia ya mwaka 2017 yalifanyika Altenberg, ndani ya Ujerumani, jambo ambalo ni vigumu kumweleza mtu asiyeujua mchezo huu. Hoja yao nzito zaidi inahusu fedha na heshima. Serikali au mfadhili anayesikia maneno "medali ya dhahabu ya bara" anaweza kudhani kwamba ina uzito sawa na dhahabu ya bara katika riadha au ndondi, akatoa tuzo bila kuuliza ni wangapi walioshindana. Hatari hiyo ipo, na sioni busara ya kuikana.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wakosoaji hao hulipita haraka mno. Wanalitazama pengo kati ya wa kwanza na wa pili, lakini hawautazami muda wenyewe wa aliyeshinda. Bahati nzuri, njia ya Spiral inaturuhusu kuutazama, kwa sababu ndiyo iliyotumika katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998. Humo, kwa upande wa wanawake, Silke Kraushaar alimshinda Mjerumani mwenzake Barbara Niedernhuber kwa sekunde 0.002 baada ya miteremko minne. Kwa upande wa wanaume, Georg Hackl alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 18.436, yaani wastani wa sekunde 49.609 kwa kila mteremko. Tukiigawa jumla ya Keshavan ya mwaka 2016 kwa miteremko yake miwili, tunapata wastani wa sekunde 49.981. Tofauti yake na bingwa wa Olimpiki, katika njia ileile, ni sekunde 0.372 kwa mteremko, ilhali tofauti yake na Tanaka, waliyeshindana naye siku hiyohiyo, ni sekunde 2.456, ambayo ni zaidi ya mara sita.

Ulinganisho huu hauna budi kufanywa kwa tahadhari. Miaka kumi na minane ilipita katikati. Sleji zilibadilika, na barafu ya siku moja hailingani na ya siku nyingine hata katika wiki moja. Sidai kwamba Keshavan wa mwaka 2016 angemtikisa Hackl. Ninachosema ni kwamba muda ule haukuwa wa mtu aliyeokota medali kwa kukosa wapinzani. Ulikuwa mteremko wa mwanamichezo anayeijua kazi yake, na naona kilicholifanya pengo liwe kubwa ni uchache wa nafasi za kuteremka barafuni walizozipata wale waliomfuata.

Hapo ndipo penye kiini cha matokeo haya. Luji haifundishiki bila njia yake, nayo njia ni mfereji wa zege wenye mabomba ya kugandisha, ghali kujenga na ghali zaidi kuutunza kila majira ya baridi. Mwaka 2016 Ujerumani peke yake ilikuwa na njia nne: Altenberg, Oberhof, Winterberg na Königssee. Katika bara zima la Asia, Spiral ilikuwa ikitumika, na Korea Kusini ilikuwa ndiyo kwanza inakamilisha yake kwa ajili ya Olimpiki ya 2018. India haikuwa nayo. Keshavan, aliyekulia karibu na Manali katika milima ya Himalaya, alifunga magurudumu kwenye sleji yake na kuteremka nayo kwenye barabara za lami, akipita kando ya malori na makundi ya kondoo. Magurudumu humzoeza mtu kulala bila kuinua kichwa na kulenga kona mapema. Hayawezi kumzoeza mwanzo wa mteremko, pale anapoketi ameshika vishikio viwili, akajisukuma mbele na nyuma, akajirusha kwa nguvu ya mabega, kisha akapiga barafu kwa glavu zenye miiba kabla ya kulala. Anayekosea hapo hubeba kosa lake hadi mwisho wa njia, kwa kuwa luji haina injini ya kufidia.

Kwa mwanamichezo wa namna hiyo, mashindano ya bara yana faida ambayo jedwali la matokeo haliionyeshi. Mashindano rasmi huja na siku za mazoezi rasmi, na siku hizo ni barafu. Chama kidogo cha Taiwan au cha India kinapata sababu ya kumpeleka kijana mmoja, na kijana huyo anateremka mara kadhaa mahali ambapo asingefika kwa nauli yake mwenyewe. Keshavan alianza Nagano mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 16, akashika nafasi ya 28, na kwa miaka mingi alitegemea hata michango ya watu wa kawaida ili aweze kusafiri. Aliposhiriki Sochi mwaka 2014 hakuwa hata na bendera ya nchi yake, kwa kuwa kamati ya Olimpiki ya India ilikuwa imesimamishwa. Kumwambia mtu huyo kwamba dhahabu yake haina maana kwa sababu wengine hawakupata barafu ya kutosha ya kufanyia mazoezi ni kumhukumu kwa umaskini wa jirani.

Isitoshe, ukali huu hauelekezwi kwa wote. Ubingwa wa Ulaya ulianza mwaka 1914 huko Reichenberg, mji ambao leo ni Liberec katika Jamhuri ya Cheki, na una heshima kubwa. Lakini katika miaka ya karibuni haujawa na mbio zake wenyewe: mbio ni zile za Kombe la Dunia, kisha majina ya Wamarekani, Wakanada na wengine wasio Wazungu wa Ulaya huondolewa kwenye orodha, na waliobaki hupangwa upya. Inawezekana kabisa mtu akamaliza wa tatu siku hiyo na bado akarudi nyumbani akiwa bingwa wa Ulaya. Utaratibu huo unaokoa gharama na siupingi, ila nao ni ubingwa uliochujwa kwa kalamu, na sijaona ukidhihakiwa.

Dawa ya hofu ya wakosoaji ipo, tena si ngumu: kila matokeo ya bara yachapishwe pamoja na idadi ya walioshiriki, njia iliyotumika, na muda wa mshindi ukilinganishwa na rekodi ya njia hiyo. Waziri wa michezo akiyaona hayo hatadanganyika na neno "dhahabu". Kuyafuta mashindano ni suala jingine. Nagano iliacha kuigandisha Spiral baada ya majira ya baridi ya 2017 hadi 2018 kwa sababu ya gharama, na sasa kijana wa Asia anazitegemea Pyeongchang ya Korea Kusini na Yanqing ya China, njia mbili ambazo kila moja ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki moja. Wenye njia hizo watakapoketi kupiga hesabu za umeme na mafundi, mashindano ya Asia yatakuwa miongoni mwa sababu chache walizo nazo za kuendelea kuzigandisha.