Daktari wa Makerere Ana Kasoro Gani?

Juzi, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja wa mtaani alitoa barua ya kukubaliwa kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Tulikuwa barazani hapa Mkomani, Lamu. Badala ya kumpa mkono wa hongera, ami yake akamuuliza, "Kampala? Kwani India umekosa?" Wazee wengine wakaitikia. Kijana akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, na hadi kahawa inakwisha hakufungua tena kinywa. Hasira hazijanitoka.

Hivi tunajua tunachokidharau? Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, wanafunzi wakijifunza kazi hospitali ya Mulago. Shule ya Dar es Salaam ilikuja 1963, ya Nairobi 1967. Kwa hiyo enzi za babu zetu, kijana wa Kiafrika aliyetaka udaktari bila kutoka Afrika Mashariki, njia yake ilikuwa hiyo.

Na walivyotendewa wale wa mwanzo inauma kusimulia. Walisoma miaka mingi, wakapasua, wakazalisha, wakakesha na wagonjwa, kisha serikali ya kikoloni ikawaita wasaidizi. Mzungu aliyeshuka melini jana aliwekwa juu ya Mwafrika aliyeizoea wodi, akapewa na mshahara mnono zaidi. Cheti cha Makerere kilikuja kutambuliwa na Baraza la Tiba la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya madaktari wale kudai haki yao miaka na miaka. Waliambiwa hawatoshi kwa sababu walisomea hapa. Maneno yale yale tunamwambia mtoto wetu leo, kwa ndimi zetu wenyewe!

Shule hiyo ndiyo iliyomtoa Josephine Nambooze mwaka 1959, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa daktari Afrika Mashariki. Imemtoa Profesa Joseph Mungai, aliyeshiriki kuijenga shule ya udaktari ya Nairobi na baadaye akawa makamu mkuu wa chuo kile. Margaret Mungherera, daktari wa magonjwa ya akili, alifika kuwa rais wa Chama cha Madaktari Duniani.

Kisha kuna Matthew Lukwiya. Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, yeye ndiye aliyeongoza mapambano katika hospitali ya Lacor. Alishuku mapema ugonjwa ule ni nini, akawaarifu wakubwa. Wauguzi wake wakaambukizwa, wakafa, na waliobaki wakaogopa, kama ambavyo mtu yeyote angeogopa. Yeye akabaki nao wodini mpaka akaambukizwa, akafariki Desemba mwaka ule ule. Nitajieni shule yenye heshima kushinda kumlea mtu kama huyo.

Haya, nakubali Makerere imepita mabaya. Enzi za Amin wahadhiri wengi walikimbia, migomo nayo haijaisha. India wana mashine ambazo huku hatujaziona. Lakini Mulago mwanafunzi anakutana na malaria, kifua kikuu, selimundu, na akina mama waliocheleweshwa njiani. Hayo ndiyo yatakayomkuta akipangiwa kazi Faza, kisiwani Pate. Mwenye kujua maana ya kumvusha mama mwenye uchungu usiku kutoka Kizingitini, kusi imekaza, mashua inarushwa, mama mkwe amemshika kichwa asijigonge ubaoni, anajua daktari wa aina gani tunamhitaji. Akifika salama, hakuna anayeuliza cheti kiliandikwa nchi gani.

Kikwazo cha kweli ni karo, na hicho wazee wangu mnakiweza. Harusi za hapa tunazichanga bila kusukumwa, mpaka watu wanakula siku kadhaa mfululizo. Kila mtaa, kuanzia Langoni hadi Mkomani, ufungue daftari la mchango wa karo kabla vyuo havijafunguliwa, na mimi jina langu muliandike la kwanza kwa Mkomani.