Dumu la alizeti limesingiziwa

Mjomba wangu wa Chamwino alirudi na majibu ya utrasaundi: figo zimeanza kuota chokaa, yaani kalisiamu inaganda ndani yake. Jioni ile ile dumu la alizeti likaondolewa jikoni. Ndugu wakakubaliana kwamba mafuta ndiyo yaliyomponza. Tangu hapo anakula ugali wa uwele na mlenda uliochemshwa mtupu, bila hata karanga, na suruali zinamvuka.

Nasema waziwazi, dumu limeonewa.

Mwaka 1929 huko Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi zikatoka magamba, mikia ikaoza, figo zikaharibika hadi mkojo ukawa na damu. Walipopewa matone ya mafuta, wakapata nafuu. Ndipo ikajulikana kuna asidi za mafuta ambazo mwili haujitengenezei, lazima tuzile. Mojawapo, linoleiki, imejaa kwenye alizeti yetu ya Kibaigwa na Singida. Tunachokosa huku bara ni omega-3, kundi jingine la asidi hizo, ambayo alizeti karibu haina kabisa, na samaki wanayo. Majaribio ya baadaye yalionyesha mafuta ya samaki yakipunguza chokaa kwenye figo za panya.

Panya si binadamu, najua. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2005 haukuona kwamba wanaokula omega-3 kwa wingi hupata mawe ya figo kwa nadra kuliko wenzao. Kwa hiyo dagaa wa Mwanza ninaomnunulia soko la Majengo, nikawatoa vichwa na kuwaosha maji matatu mpaka mchanga uishe, simpi kama dawa. Nampa ale, apate nguvu.

Kinachoniuma hasa ni maji. Kisima cha kwao kina chumvi, hayanyweki, basi kutwa nzima kwenye jua la Dodoma anamaliza vikombe viwili tu. Ameniambia mwenyewe mkojo wake ni kama chai ya rangi. Kwenye mkojo uliokolea hivyo ndipo kalisiamu huganda, na hakuna ndugu aliyemuuliza anakunywa nini. Wala hajapimwa kalisiamu kwenye damu ijulikane chokaa hiyo chanzo chake nini. Jumatatu nampeleka, na dumu la maji ya kunywa nitambebea mimi.