Itabeba, Mzee

Nairobi hii hakuna kisichobeba. Matatu ya abiria 14 inabeba 17 na makanga bado yuko mlangoni anaita. Ndiyo maana sikushangaa nilipoingia Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, kuuliza kama pawa saplai ya kompyuta yangu, kile kisanduku kinachoilisha umeme, itahimili kadi mpya ya grafiki, na kijana wa dukani akanijibu kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza: "Itabeba, mzee." Hata hakuuliza ni kompyuta gani.

Yangu ni moja ya zile zilizofanya kazi ofisini Uingereza, zikastaafishwa, zikaletwa huku kuajiriwa upya. Kule ilikuwa ikiandika barua. Hapa mwanangu Kevo anataka icheze mpira, nyasi zionekane jani kwa jani.

Kadi aliyoipenda ni GTX 1660 Super. Peke yake inakula wati 125, na walioitengeneza wanashauri uwe na pawa saplai ya 450. Nikafungua kasha pale sebuleni, nikatoa vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki, nikamulika kibandiko kwa tochi ya simu. 290. Nikageuza kichwa, labda nasoma vibaya. 290 ileile, na humo prosesa, diski na feni nazo zile zishibe!

Tena mamabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, huipa kadi wati 75 tu kupitia tundu lake. Zinazozidi zinapitia waya wa pini nane, na pawa saplai yangu waya huo haijawahi kuuona.

Nikarudi Luthuli. "Hiyo si shida, mzee." Akatoa adapta: huku unachomeka kwenye waya wa diski, huku inatoka pini nane. Bei ya chipsi na soseji. Nilikuwa nishatoa simu nilipe kwa M-Pesa, fundi mmoja aliyekuwa akichomelea redio pembeni akanong'ona bila kuinua macho: "Plagi ya diski mwisho wake ni wati 54 hivi. Pini nane zina ruhusa ya kuvuta hadi 150. Hiyo itayeyuka kama Blue Band."

Nikamuuliza, basi si ninunue pawa saplai kubwa? Akauliza plagi ya mamabodi yangu ina pini ngapi. Nane, ila si zile za kadi. Pawa saplai za madukani zina 24. Nikaona hii kompyuta ni kama yule mgeni asiyekula chochote mnachopika.

Mwishowe tukanunua GTX 1050 Ti ya mtumba. Wati 75, zote kutoka kwenye tundu, haidai waya. Ila maelezo yake yanataka pawa saplai ya 300, nami nina 290.

"Baba, si ni kumi tu?" Kevo akasema.

Nikajisikia nikijibu, "Itabeba."

Na ikabeba! Jumamosi jioni tukaketi, mpira ukaanza, nyasi kweli zilikuwa nyasi. Dakika ya nane, giza. Nikalikumbatia kasha nikilinusa kama maziwa ya jana. Haliungui. Nikachungulia nje: ploti nzima giza, na mama wa orofa ya tatu analalamika koili imezima na maji yake ya kuoga hayajapata moto.

Nikasikia keateka anapanda ngazi. Akapita mlango wa mwenye koili bila kusimama, akaja moja kwa moja kwangu.

"Baba Kevo, nimesikia umeongeza kitu kwa kompyuta."