Barabara zitengwe kabla mikorosho haijakatwa

Anayesema Mtwara haina shida ya makazi holela kwa kuwa si Dar es Salaam, aende pembezoni mwa mji aone mashamba ya mikorosho yanavyouzwa vipande vipande. Mzee ana ekari tatu, msimu wa korosho haukumlipa, mtoto anadaiwa ada. Anauza hatua ishirini kwa ishirini leo, mwezi ujao nyingine. Wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mnunuzi anashusha tofali, msingi unachimbwa. Barabara? Kila mmoja anategemea jirani ndiye ataiacha. Nyumba zikishajaa, gari la majitaka halifiki, na mjamzito akishikwa uchungu usiku hubebwa mpaka barabara kuu.

Simlaumu mzee, wala aliyenunua. Kiwanja kilichopimwa mama ntilie hakiwezi, naye watoto wake wanataka pa kulala mwaka huu huu.

Kinachoniuma ni kwamba mji huu ulianza kwa kupangwa. Waingereza waliuchora kwa ajili ya mradi wao wa karanga uliozinduliwa 1947, pamoja na bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa 1951, reli nayo ikaja kung'olewa, lakini ile mitaa mipana ya katikati ya mji tunaitumia hadi leo. Kwa upande wetu, sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, na ya 2022 ikahesabu 146,772. Hao walioongezeka wanajenga wapi, na nani amewachorea mitaa?

Tunaambiwa tusubiri urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Urasimishaji huja nyumba zimeshasimama, na hapo kupata njia ya mita sita ni kuvunja ukuta wa mtu na kubishania fidia. Mimi naona halmashauri ikae na wenye mashamba mapema. Mwenye ekari tatu akubali kutoa sehemu ya barabara, mfereji na shule. Inayobaki ipimwe viwanja vyenye hati kwa jina lake, auze mwenyewe kwa bei ya kiwanja, si bei ya shamba. Gharama ya upimaji akatwe anapouza, maana leo hana hela hiyo mfukoni. Akipata faida iliyo wazi hivyo, sioni kwa nini akatae.

Huko pembezoni mwa mji, Naliendele na Mangamba, mikorosho bado ipo. Vigingi vya barabara vianzie huko, kabla ya msimu ujao.