Zamu Yangu ya Kumwagilia Mpingo

Leo nimegongewa mlango saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtu akigonga saa hizo huku Magomeni ya Mtwara ni msiba au ni mwenye nyumba. Nikafunga msuli, nikaandaa uso wa huzuni. Kumbe Mama Somoe, mweka hazina wa kamati ya miti ya mtaa, na daftari lake kwapani.

"Shikamoo baba. Leo zamu yako kumwagilia."

Dumu mbili! Bomba mara ya mwisho lilitoa maji Alhamisi, na hiyo Alhamisi lilianza kwa kutoa upepo. Mimi mwenye familia nimeoga kopo moja, mti uoge dumu mbili.

Pale uwanjani, jirani na kijiwe cha bodaboda, palikuwa jalala. Baya, sawa, lakini letu, tumelizoea. Kijana mmoja wa mtaa karudi kutoka chuo, akasema tupapendezeshe kwa miti ya asili, maana imezoea jua la hapa na haitaki kudekezwa. Tukachanga elfu mbili mbili.

Kikao kikakaa chini ya mwembe. Mama mmoja akataka mwarobaini. Mwalimu mstaafu akasema huo umetoka Bara Hindi. Mkrismasi? Madagaska. Basi mzee wa nyumba ya kona, kwa nia njema kabisa, akasema tupande mkorosho yaishe.

Mwalimu akashusha miwani. "Mkorosho kwao Brazili. Waliuleta Wareno."

Kimya. Jamani, mtu anasema hayo Mtwara! Bati la nyumba yake limetoka wapi? Mke wa pili alimposa msimu gani, kama si wa minada ya korosho? Mzee wa kona akasimama, fimbo inatetemeka. "Mwalimu, marehemu baba kaniachia mikorosho mia na ishirini. Unataka kuniambia marehemu alikuwa anafuga Wabrazili?"

"Sisemi mimi, mzee wangu. Inasema historia."

"Basi historia nayo ilete elfu mbili yake!"

Wakashikana, wakaachanishwa. Mmoja akapendekeza tupige kura, mwingine akauliza kama Wareno nao watapiga. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa, ambaye anajua kura zake zinatoka wapi, akatoa hukumu: mkorosho si mgeni, ni mkwe. Kaja, kaoa, kazaa, hafukuzwi. Ila kwenye bustani ya ukoo hapandwi. Tukapiga makofi. Ingeishia hapo, lakini Mwalimu hajui kunyamaza. Akaangalia juu. "Na huu mwembe nao, kwao Asia."

Sote tukatazama juu. Wawili wakahamishia viti juani.

Ikapandwa mibuyu miwili, mkwaju, mtopetope wa porini. Ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, ikapandwa pembeni itambae kwenye ua. Siku ya pili tukakuta mashimo, na aliyechimba simtaji kwa sababu ndiye anayegonga mihuri ya barua zetu.

Mimi nikaangukiwa na mpingo. Nilijisikia, nisiseme uongo. Mti wa vinyago! Mti ambao Wazungu wanatengenezea zumari zao! Nikamuuliza yule kijana, kwa sauti ya mtu mwenye mali, unakomaa lini.

"Miaka sabini, baba. Au zaidi."

Nina miaka hamsini na nne na presha. Na nimepanga, kodi yangu inaisha mwezi wa nane.

Jana ulikuwa na majani kumi na manne. Leo kumi na moja. Nayajua kwa idadi kuliko nywele zangu, ambazo nazo si kazi kuzihesabu. Mbuzi. Nikamfuata mwenye mbuzi, nikaanza na salamu, nikauliza hali za watoto, nikauliza za shamba, ndipo nikafika kwenye majani. Akanisikiliza vizuri sana, akasema: "Lakini huyu mbuzi naye ni wa asili."

Nimjibu nini? Kijiwe kizima kinacheka. Walewale wanaooshea pikipiki zao maji ambayo sijui wanayatoa wapi, na ukiwauliza wanakuambia "Mungu tu". Hata kitumbua cha asubuhi siku hizi kimekuwa kama kifungo cha shati, nacho nilikila nimesimama kwa hasira, nikakisahau bei, nikalipa mara mbili, na mama wa vitumbua hakusema kit...

Ngoja kwanza. Bomba linakoroma.