Chuo cha nyumbani nacho kipeleke posa

Jumamosi usiku, Oktoba 5, 2024, sauti ilinikauka. Ilikuwa futiboli ya Kimarekani ya vyuo: USC wa California, waliokuwa nafasi ya 11 nchini, walikuwa nyuma 24–17 dhidi ya Gophers, timu yetu ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na sekunde zinayoyoma. Wakaurusha mpira wao wa mwisho ndani ya eneo la bao, na aliyeudaka ni Koi Perich wetu. Alikuwa mwaka wa kwanza tu, na kwao ni Esko, mji mdogo wa humu humu Minnesota, karibu na Duluth. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaamka, nikawaacha waangalie, maana usiku kama ule hauji kila wiki. Wiki moja tu kabla yake tulikuwa tumepoteza kwa Michigan kwa pointi tatu, tukalala na uchungu.

Kesho yake baada ya ibada hapa Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Huyo kijana angekuwa mchezaji kweli, angekuwa Ohio State." Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Hapa sinyamazi.

Ohio State, chuo kikubwa cha futiboli, walimtaka, tena walimtaka hadi dakika za mwisho, siku za kutia saini zilipokaribia Desemba 2023. Kijana akawakatalia, akatia saini Minnesota. Kwa hiyo mzee wangu amekosea, lakini kosa si lake peke yake. Jimbo zima limezoea kuamini kwamba anayebaki ni yule aliyekosa pa kwenda.

Mazoea hayo yana historia, na inaniuma. Larry Fitzgerald amekulia Minneapolis, akaenda kudakia chuo cha Pittsburgh. James Laurinaitis wa Wayzata akawa nguzo ya ulinzi wa Ohio State. Michael Floyd wa St. Paul akaenda Notre Dame, Seantrel Henderson wa St. Paul hiyo hiyo akaishia Miami. Chris Weinke, naye wa St. Paul, alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2000 akiwa na jezi ya Florida State. Ilhali Bruce Smith, kijana wa Faribault, aliishinda Heisman ya 1941 akiwa amevaa jezi ya Minnesota, na Gophers wakatwaa ubingwa wa taifa kwa mwaka wa pili mfululizo. Watu wa wakati huo hawakuhitaji kuambiwa kwamba nyumbani panatosha. Walipaona.

Sasa niseme kilicho moyoni. Kwetu, ukimtaka binti wa mtu hungoji akutane nawe njiani. Unatuma wazee. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaulizwa maswali magumu, wanarudi tena. Hata kama boma lenu na lao limetenganishwa na ua tu, posa ni lazima. Tena ukiwa jirani ndiyo uwahi, kwa sababu wewe huna kisingizio cha umbali. Chuo cha nyumbani kina hatari ya kudhani ujirani ni posa tosha: kijana amekua akituona, atakuja. Haji. Anakwenda kwa yule aliyemkalia mama yake sebuleni.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Mtoto wa jirani yangu, Mkenya kama mimi, alikuwa mkabaji hodari katika shule ya upili. Kocha wa chuo kimoja cha mbali alipanda ndege akaja. Nilikuwepo, nilialikwa kama baba mdogo. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula mandazi matatu, akajifunza kusema "asante mama", akaiweka jezi yenye jina la kijana juu ya meza, kando ya chupa ya chai. Mama aliishika ile jezi kwenye ukingo wa shingo, akaupitisha uzi kati ya vidole kama anayekagua kitambaa sokoni. Nikajua tumeshampoteza.

Mwaka uliofuata kocha yule alipata kazi kwingine. Mgeni aliyekuja hakumjua kijana wetu wala mama yake. Bibi yake alipofariki na tukakusanyika kanisani kuchanga pesa za kusafirisha mwili, kijana alikuwa mbali, hakupewa ruhusa, akatuma ujumbe wa simu. Mama yake aliusoma akasimama nje kwenye baridi muda mrefu.

Ndiyo maana nasema Gophers waje mapema, wakati mtoto yuko darasa la tisa, kabla nyota za wataalamu wanaopima vipaji hazijawekwa mbele ya jina lake. Waje Brooklyn Park, waje Esko, waje Rochester. Waongee na mama, kwa sababu katika nyumba zetu mama ndiye anayeamua. Na wamweleze kile ambacho Ohio State hawawezi kumwahidi hata kwa mabilioni: kwamba Jumapili mwanawe anaweza kuwa mezani kwake.

Pesa nazo zipo. Tangu Julai 2021 wachezaji wanalipwa kwa majina na sura zao, na vyuo vikubwa vina mifuko mirefu kuliko yetu. Nakubali, shingo upande. Wenye uwezo wawachangie vijana wetu badala ya kulalamika.

Na anayeondoka asitukanwe. Jaxon Howard wa shule ya upili ya Cooper, hapa jirani New Hope, alikwenda LSU, chuo cha Louisiana, mwaka 2023, na msimu wa 2024 alikuwa nasi. Quinn Carroll wa Edina alianzia Notre Dame akarudi. Wangerudije kama tungewafungia mlango kwa maneno?

Yule kijana wa jirani ana mdogo wake, yuko darasa la tisa. Jumapili jioni alinijia, akaniomba nimwonyeshe kwenye simu ile dakika ya mwisho. Tuliirudia mara nne. Kisha akauliza Esko iko wapi. Nikamwambia ni saa mbili na kidogo kwa gari, unashika barabara ya 35 kwenda Duluth.

"Kwa hiyo mtu wa kwao anaweza kuja kumwona na arudi siku hiyo hiyo," akasema. Akanyamaza kidogo. "Sisi ni dakika 20."